Peugeot Kwenye Kaunta: kisa cha baa iliyotaka kurudisha dansi

Kazi yangu ni mahesabu ya baa. Naitwa mambo yakishaharibika, mara nyingi mwezi wa nane au wa tisa tangu ufunguzi, wakati mwenye mali ameshauza kiwanja kimoja na anaanza kukitazama cha pili. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi ndiye huletewa hiyo habari.

Kisa hiki ni cha ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, ndani ya Kinondoni, uliojaribu kurudisha jioni za muziki wa dansi kama zilivyokuwa miaka ya sabini na themanini. Mwenye ukumbi ameridhia niandike ili wenye ndoto kama yake wapate pa kuanzia. Jina la baa, mtaa na watu nimeviondoa. Tarakimu nimezisogeza kidogo asitambulike, ila uwiano wake nimeuacha ulivyo.

## Usuli

Baba yake alikuwa mwashi, na ukumbi ulikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Aliujenga katikati ya miaka ya sabini: banda la wazi la makuti, baadaye likaezekwa bati, jukwaa la saruji linalofika magotini, na katikati sakafu iliyosuguliwa mpaka ikawa inateleza. Sakafu hiyo ndiyo mhusika mkuu wa kisa hiki, ingawa ilichukua miezi minane kwa mtu yeyote kulitambua hilo.

Kwa aliyezaliwa juzi, hali ilikuwa hivi. Dansi ni kongwe mjini hapa. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Baada ya uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi nyingi ziliingia mikononi mwa taasisi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima lilikuwa na BIMA Lee, shirika la mabasi lilikuwa na UDA Jazz, na polisi na jeshi nao walikuwa na zao. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa: mshahara mwisho wa mwezi, vyombo ni vya mwajiri, na akiondoka anaviacha. Radio Tanzania iliwarekodi, na kwa kuwa redio ilikuwa moja, wimbo ukipigwa leo kesho unaimbwa Kigoma.

Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo baadaye ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Wapenzi wakaiita Sikinde. NUTA nayo ilipitia majina ya Juwata na OTTU, watu wakabaki na Msondo. Ushindani wa hawa wawili uligawa mitaa, na kuna nyumba ambako mume alikuwa Sikinde na mke Msondo.

Kilichoiangusha hali hiyo si kimoja. Mashirika yalichoka, mengi yakabinafsishwa miaka ya tisini, na bendi zikabaki bila mwajiri. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango wa redio na televisheni binafsi. Disko lilikwishakuja, Bongo Fleva ikafuata. Hata hivyo dansi halikuzimika usiku mmoja: Twanga Pepeta na FM Academia walijaza kumbi mpaka miaka ya elfu mbili. Ukumbi wetu ulipita njia hiyohiyo, kutoka bendi hadi disko, kutoka disko hadi televisheni kubwa ya kuonyeshea mpira. Mzee alipofariki, binti yake alirithi baa ya kawaida yenye meza za plastiki na wateja wa kawaida, isiyo na deni.

Naomba msomaji ayakumbuke maneno hayo matatu ya mwisho, maana hayakudumu.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo, ndugu wa dansi letu, kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwenye ukumbi aliisikia habari hiyo redioni akiwa njiani kutoka sokoni, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshaamua. Atarudisha ukumbi wa baba.

Alitumia karibu milioni 60, theluthi mbili zikiwa mkopo wa benki, na fedha karibu zote zilikwenda kwenye kinachoonekana. Alinunua pua ya Peugeot 404 iliyokufa, akaifanya kaunta, na taa zake zikawa zinawaka. Ukuta mzima ulibandikwa majalada ya santuri na picha kubwa za wanamuziki wa zamani. Zikaja redio za mbao, simu ya kuzungusha, taipureta. Wahudumu walivalishwa suruali pekosi na viatu raizoni, na mmoja aliteguka kifundo wiki ya kwanza kwa kubeba kreti juu ya visigino vya inchi nne. Sakafu ya katikati ilikuwa na nyufa na haikupendeza kwenye picha, hivyo ikafunikwa kwa zulia la nyasi za plastiki, na juu ya zulia zikapangwa meza kumi na mbili.

Bendi ilikuwa ya kukodi, watu kumi na wawili, Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa tatu usiku. Hilo neno "kuanzia" lilikuwa la heshima tu. Besi ilisikika saa tano kasoro. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000. Bia 4,000, wakati baa ya jirani inauza 2,500.

Kipya kinyemi. Wiki tatu za mwanzo palikuwa hapatoshi. Vijana walipanga foleni kupiga picha kwenye Peugeot, na picha zikasambaa. Mwenye ukumbi aliniambia baadaye kwamba wiki zile alilala vizuri kuliko wakati wowote tangu msiba wa baba yake.

Mwezi wa pili vijana walipungua. Picha ile walikwishaipata, na gari halibadiliki. Wazee ndio hasa aliowatarajia, na walikuja, tena wamevaa wakapendeza, lakini wengi walikuja mara moja tu. Hakuna aliyelalamika kwa mwenye mali. Mzee wa Kiswahili halalamiki kwenye nyumba ya mtu. Anashukuru, anaaga, harudi.

Mwezi wa nne ilikuja barua kutoka serikali ya mtaa kuhusu kelele. Kwa anayefanya biashara hii leo hilo si jambo la kupuuza: kanuni za mwaka 2015 zinaweka kikomo cha sauti kwa mchana na kwa usiku, na mamlaka za mazingira zimekuwa zikifungia baa. Mwenye ukumbi alijibu kwa kugeuza spika kutoka upande wa mlalamikaji kwenda upande wa pili, kwa jirani ambaye alikuwa bado hajaandika barua.

Mwezi wa tano alikuja kijana mmoja mchana, akaagiza soda, akakaa akitazama ukutani. Kisha akamwita mhudumu akamwomba amwite mama. Alipofika, kijana alisimama, akamsalimu shikamoo, akamwambia: "Mama, yule pale na gitaa ni baba yangu. Nyumbani hatuna picha kubwa kama hiyo." Hakudai kitu. Lakini picha ile ilikuwa pia kwenye tangazo la ukumbi, na hakuna aliyeiomba familia. Mwenye ukumbi aliniambia hakujua aweke wapi uso.

Mwezi wa saba alishindwa rejesho la benki. Mwezi wa nane nikaitwa.

## Nilichokikuta kwenye daftari

Usiku mmoja wa Ijumaa ulikuwa hivi. Bendi milioni 1.2. Kukodi mitambo ya sauti laki tatu. Jumla milioni moja na nusu kabla ya umeme, mlinzi na mshahara wa mtu yeyote. Waliolipa kiingilio walikuwa sabini, yaani laki saba. Pengo ni laki nane. Kila chupa ya bia ilimwachia kama shilingi 2,000, kwa hiyo alihitaji kuuza chupa mia nne ili aondoke bure. Mia nne kwa watu sabini ni karibu chupa sita kila mmoja, wakiwemo wasichana waliokuja kupiga picha na kunywa soda moja kwa mirija miwili.

Hesabu hiyo inafanyika kwa dakika tano nyuma ya risiti ya EFD. Haikufanyika, na si kwa kuwa mwenyewe hajui kuhesabu. Ameendesha baa ile kwa miaka na anajua bei ya kila kizibo. Haikufanyika kwa sababu alikuwa anajenga kumbukumbu ya baba, na kumbukumbu ya baba haiulizwi bei. Nimeliona hili kwenye biashara nyingi za urithi, na sina dawa yake zaidi ya kumpa daftari mtu wa nje.

Baada ya daftari nilikaa na wahudumu, mmoja mmoja, mbali na mwenye mali. Swali langu lilikuwa moja: nani aliondoka mapema, na alisema nini akitoka? Wateja husema ukweli wakiwa wanasubiri bajaji.

Walisema viti havina mgongo. Kweli, alinunua vigoda vya mbao kwa kuwa vilionekana vya kale. Ila miaka ile hao wateja walikuwa na miaka ishirini na mitano, na sasa wana migongo ya sabini. Walisema sauti inapiga kifuani mpaka huwezi kumsikia mwenzako. Walisema saa tano usiku ndipo bendi inaanza, na saa nane nitapata wapi gari? Walisema wanataka supu na ndizi, si chakula chenye jina la kusomewa.

Mmoja alisema jambo ambalo mhudumu hakulielewa: "Wanapiga chemko tu." Mimi nilielewa, kwa sababu nilikulia nyumba ya redio. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anaeleza kisa taratibu, beti kwa beti, na watu wanacheza wameshikana huku wakisikiliza maneno. Halafu magitaa yanabadilika, tumba zinapanda, na hapo ndipo chemko. Bendi ile ya kukodi, vijana wote, ilikuwa inakata beti ili ifike kwenye chemko haraka. Kwa mzee ni kama kualikwa pilau ukapewa ukoko.

Na mhudumu yule wa kifundo akanipa la mwisho. Mwezi wa pili alikuja bibi mmoja na mumewe. Wimbo ulipoanza, bibi alisimama, akatazama huku na huku, akamuuliza: "Mwanangu, hapa watu wanacheza wapi?" Mhudumu alimwonyesha nafasi kati ya meza ya mwisho na njia ya maliwatoni. Walicheza hapo wimbo mmoja. Wakalipa, wakaondoka.

Nilikwenda nikainua kona ya zulia la nyasi. Sakafu ya mwashi ilikuwa chini yake, imepata nyufa mbili tatu, bado inateleza.

## Uamuzi uliofanyika, na kwa nini

Nilimpa mwenye ukumbi njia mbili. Ya kwanza, arudie baa ya mpira, alipe benki polepole, aache yaishe. Ndiyo niliyoipendelea, na naiandika hapa ili msomaji asidhani niliona mbali. Ya pili, kama lazima dansi, basi liwe dogo kuliko alivyolitaka. Alichagua ya pili kwa sharti moja, kwamba Peugeot ibaki. Nilikubali, gharama yake ilikwishapita.

Siku ilihamishwa kutoka Ijumaa na Jumamosi usiku kwenda Jumapili, saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Sababu ya kwanza ilikuwa kelele na sababu ya pili usafiri: saa tatu daladala na mwendokasi bado vipo, na mtoto wa mteja yuko macho wa kumfuata mzazi. Sababu ya tatu niliiona baadaye. Ijumaa usiku mji mzima unashindania mteja mmoja, ila Jumapili jioni mstaafu hana pa kwenda baada ya ibada na chakula cha mchana isipokuwa kwenye msiba.

Kiingilio kilifutwa, bia ikashuka hadi 3,000, na faida kwa chupa ikashuka hadi kama 1,000. Hapo tulibishana. Yeye aliona kiingilio ndicho heshima ya bendi, kama zamani. Mimi nilisema mteja wa Jumapili haji mara moja. Anatakiwa aje mara arobaini kwa mwaka, na hakuna anayelipa kiingilio mara arobaini kwenda kukaa na marafiki zake.

Bendi ilibadilishwa kabisa. Badala ya kukodi watu kumi na wawili kwa usiku, aliajiri sita kwa mwezi, laki tatu kila mmoja. Kiongozi wao ni mpiga solo wa zamani, amevuka sitini na tano, aliyekuwa akiuza vocha karibu na kituo cha basi. Watano ni vijana. Vyombo, vilivyotumika lakini vizima, ukumbi ulivinunua kwa fedha za kuuza redio za mbao na baadhi ya vikorokoro vya ukutani. Aliponiuliza kama nimewahi kuona baa ya sasa inayomiliki gitaa na kulipa mshahara wa mpiga tumba, nilimjibu sijaona, ila ndivyo NUTA ilivyofanya. Mwanamuziki wa kukodi anapiga anachoweza kupiga popote. Wa mshahara ana muda wa kujifunza beti zote.

Mazoezi yaliwekwa Jumatano alasiri, wazi, bila matangazo. Hilo lilikuwa wazo la mpiga solo. "Mwanangu," alimwambia mwenye ukumbi, "zamani mtu alikuwa anajua wimbo kabla haujatoka, kwa kusimama dirishani kwenye mazoezi."

Zulia liliondolewa, nyufa zikazibwa, meza zikasogezwa pembeni zikabaki nane, zikaletwa na viti vyenye mgongo. Spika ziligeuzwa kuelekea ndani na chini, na fundi mitambo akaambiwa kipimo ni kimoja: watu wawili walioketi meza ya mbele waweze kuzungumza. Leseni ya kutumia kazi za watunzi hadharani ilikatwa, kitu ambacho miezi minane yote hakikuwepo. Picha za ukutani zilipunguzwa zikabaki zile tu ambazo familia zimepatikana na kuridhia. Ya yule kijana ilirudi nyumbani kwao. Wao wakaleta nyingine, ndogo, baba yao akiwa ameketi kwenye ngazi za jukwaa hilihili la saruji.

## Matokeo

Jumapili ya kwanza walikuja watu kumi na tisa, nikiwemo mimi na bendi. Ya pili ishirini na watano. Nilianza kuandaa maneno ya pole.

Kilichogeuza mambo hakikuwa tangazo. Kikundi kimoja cha wastaafu kilichokuwa kinakutana uani kwa mwanachama, kuweka akiba na kuzikana, kiliomba kufanyia kikao chake ukumbini Jumapili saa tisa, kabla ya muziki. Walikuja ishirini na wawili, wakabaki. Mwezi uliofuata kikaja kikundi cha pili. Ndani ya nusu mwaka Jumapili ya kawaida ilikuwa na watu mia moja na kumi, mia na ishirini.

Fedha? Mishahara ya bendi ni milioni 1.8 kwa mwezi, yaani laki nne na nusu kwa Jumapili. Watu mia na ishirini, vinywaji vitatu vitatu, vinaacha kama laki tatu na sitini. Supu, ndizi na kuku vinaacha kama laki mbili. Kinachobaki ni kama laki moja na elfu kumi, na humo bado umeme, leseni na mlinzi havijatoka. Kwa Jumapili peke yake, hii si biashara ya kumwambia mtu akope. Faida halisi ilikuja kwingine: Jumatano, siku iliyokuwa imekufa, ilianza kuuza kama Alhamisi, na baa ya siku za kawaida ilipata wateja waliokuja Jumapili wakazoea njia. Benki imekubali kupanga upya deni. Halijaisha.

Vijana walirudi, safari hii bila foleni ya picha. Wanaleta mama zao. Yule bibi aliyecheza njiani maliwatoni alitafutwa, akapatikana, akaja. Sasa saa kumi hadi saa kumi na moja, kabla bendi haijashika moto, yeye na mumewe wanafundisha hatua kwa anayetaka, bure, na anayekanyaga mwenzake analipa soda. Sheria hiyo ni yake, si yetu.

## Uchambuzi

Watu huniuliza kama dansi linaweza kurudi. Swali hilo limebeba vitu viwili, na kisa hiki kinavitenganisha. Kuna jioni ya dansi, na kuna dunia iliyozaa jioni ile. Jioni imerudi kwenye ukumbi huu, naweza kuionyesha kwenye daftari. Dunia ile haijarudi.

Awamu ya kwanza ilikwama kwa sababu ilirudisha sura. Mtu anayekosa dansi hakosi Peugeot 404. Wengi wao hawakuwahi kuipanda. Anakosa kusikia kisa cha wimbo akiwa ameshika mkono wa mtu, kisha kurudi mezani kubishana kama mtunzi alimsema mke au alimsema mwajiri. Ili hilo litokee inatakiwa sakafu, sauti inayoruhusu mazungumzo, beti zisizokatwa, na watu walewale wiki hadi wiki ili ubishi uendelee. Vitu vinne, na mapambo yalikuwa yameharibu vyote. Zulia lilifunika sakafu. Spika ziliua mazungumzo. Bendi ya kukodi ilikata beti. Kiingilio kilizuia watu kurudi. Sidhani kama ningepanga kwa makusudi kuharibu ningefanya vizuri zaidi.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi kwa awamu hiyo. Bila foleni ya picha, jina la ukumbi lisingejulikana, na yule kijana asingeiona picha ya baba yake. Kosa langu mwenyewe lilikuwa kutaka kila kitu kiondolewe. Wateja wapya hadi leo wanaelekezana kwa "pale penye Peugeot".

Uamuzi uliobeba uzito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa mishahara, na ndio watu wanaouona wa kipumbavu zaidi wanaponisikia. Tunakumbuka enzi ile kwa majina ya waimbaji na kusahau kwamba nyuma yao alikuwepo mhasibu wa shirika akiidhinisha posho na nyuzi za gitaa. Gurumo na Bitchuka walikuwa na vipaji, sawa; walikuwa pia na mwajiri. Anayetaka kurudisha muziki huu bila kujibu nani atamlisha mpiga tumba mwezi usio na sherehe, huyo anataka kurudisha nyimbo. Nyimbo zipo kwenye simu tayari.

Hapa pana udhaifu ambao haujatibiwa. Shirika la umma lingeweza kubeba hasara ya bendi miaka mitano. Mama mmoja mwenye deni hawezi. Mpiga solo akiugua, hakuna wa kushika nafasi yake kikamilifu. Kijana mmoja anajifunza kwake, ana mkono mzuri, lakini ameshaombwa na hoteli moja mara mbili kwa malipo makubwa zaidi, na siku akienda hatutamlaumu.

Kilichokwama kabisa ni nyimbo mpya. Vijana wa bendi walitunga mmoja, wakaupiga Jumapili moja saa moja jioni. Sakafu ikawa tupu kwa dakika nane. Mwenye ukumbi akataka zisipigwe tena. Mpiga solo alikataa, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika: alisema katika bendi aliyokulia, usipokuwa na wimbo mpya wapenzi walihamia kwa wapinzani. Nadhani mzee yuko sahihi na mama yuko sahihi. Zilipendwa zote zilikuwa mpya siku moja, na zilitungwa kwa haraka na kwa hofu, kwa sababu ng'ambo ya pili Msondo au Sikinde walikuwa wanatunga. Ukumbi wetu haukuwa na mpinzani wa kuuogopa. Walikubaliana wimbo mmoja mpya kwa mwezi, upigwe Jumatano kwenye mazoezi, na ukishazoeleka ndipo uende Jumapili. Mpaka naandika, mmoja tu umevuka, nao unachezwa na watu wachache.

Mwezi uliopita mwenye ukumbi alinipigia simu usiku akiwa na hasira. Baa moja, mitaa mitatu kutoka pale, imeondoa televisheni ya mpira, imepata wazee wake watatu wenye magitaa, na imeanza Jumapili yake, saa kumi ileile. Kikundi kimoja cha wastaafu kimeshahamia huko. Alitaka nimpigie hesabu ya kushusha bia hadi 2,500. Nikamwambia nitakuja Jumatano tuzungumze.

Nilipofika sikukuta mtu wa kuzungumza naye. Bendi ilikuwa imeanza mazoezi saa nane badala ya saa kumi, mlango umefungwa, na mlinzi ameambiwa asiruhusu mtu yeyote kusimama dirishani.